Jero za Karume

Julai 2015 nilimpigia shangazi simu nikiwa nimejifungia chooni kazini. Kodi ya chumba ilikuwa imeisha, mama mwenye nyumba alishagonga mlango mara mbili, na Dar kodi hailipwi ya mwezi. Alitaka miezi sita kwa mpigo: elfu arobaini mara sita, laki mbili na arobaini. Mshahara wangu wote haukufika hapo. Shangazi alikubali kunitumia, lakini kabla hajakata simu akasema, "Mwanangu, kodi siyo msiba. Haiji ghafla."

Nilinuna wiki nzima. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi. Nilikuwa na miaka miwili kwenye chumba kile cha Mbagala, na kila baada ya miezi sita nilihangaika kuomba michango kama niliyefiwa.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa fundi seremala pale njiani, akanigongea kibubu cha mbao za mabaki kwa elfu mbili. Kisanduku tu, misumari pande zote, na mwanya mmoja juu. Sheria nikajiwekea moja: jero ya sarafu, yaani shilingi mia tano ya chuma, ikiingia mkononi mwangu hairudi mtaani. Sarafu ile ilikuwa bado ngeni. Benki Kuu ilikuwa imeitoa Oktoba ya mwaka uliotangulia, kwa kuwa noti ya 500 ilikuwa inapita mikono mingi mno na kuchakaa upesi. Upande mmoja Mzee Karume, upande wa pili nyati. Noti unaikunja, unaisahau, jioni hujui imekwenda wapi. Jero ya chuma unaisikia mfukoni.

Sasa jero zenyewe zitoke wapi? Mshahara haukuongezeka hata senti.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari karibu na Posta, natoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Magari ya Mbagala yanayokwenda Posta moja kwa moja yalikuwa yanajaa tangu yanapogeuzia, kwa hiyo nilizoea kupanda la Kariakoo, nishuke Gerezani, nipande lingine. Lile la pili lilikuwa shilingi 400 asubuhi na 400 jioni, na mara nyingi lilikwama kwenye foleni mimi nikiwa nimening'inia mlangoni nawatazama waenda kwa miguu wakinipita. Nikaanza kutembea. Raba miguuni, viatu vya kazini kwenye mfuko wa rambo, nakatiza Mnazi Mmoja, navuka Bibi Titi, naibukia Samora. Wiki ya kwanza nilifika nimelowa jasho mpaka mgongoni, bosi akaniuliza kama nimekimbizwa. Wiki ya tatu nilikuwa nafika kabla yake.

Chai ilinisumbua kuliko miguu. Kila asubuhi nilikuwa namwachia mama ntilie buku: chapati mbili na chai ya rangi. Siyo njaa iliyokuwa inanipeleka pale, ni maongezi. Nilipoanza kuja na chupa yangu ya chai na viazi vitamu, nilijiona kama nimehama mtaa. Mwishowe nikawa nakwenda kukaa kwenye benchi lake Ijumaa tu, na ile chapati ya Ijumaa ikawa tamu kuliko zote nilizowahi kula kwa mazoea.

Nyumbani mwizi alikuwa mkaa. Nilikuwa nanunua wa kopo kila jioni, kama wapangaji wote pale uani, na kila mmoja alijua fika kwamba gunia ni nafuu. Lakini hela ya gunia inatakiwa yote siku moja, na hapo ndipo anaponaswa mwenye kipato kidogo: mkaa wa kopo, mafuta ya kupima, sukari ya robo, kila kimoja ghali kuliko anachonunua mwenye nazo. Tukachanga vyumba vitatu tukanunua gunia. Siku ya nne ugomvi: dada wa chumba cha kona anachemsha maharage kila siku, mimi na mwenzangu tunapika wali na dagaa. Suluhu ikawa kwamba Jumapili maharage ya vyumba vyote vitatu yanachemshwa kwenye sufuria moja, kila mtu anachukua bakuli lake na kuunga kwa nazi au nyanya anavyojua. Mkaa ukafika mbali. Na maharage ya yule dada, sina budi kukiri, yalikuwa bora kuliko yangu.

Septemba nilianguka. Ilikuwa usiku, sina kitu, mshahara bado siku tano. Nikakipindua kibubu mapajani, nikapenyeza kisu cha kupakia siagi kwenye mwanya, nikakitikisa taratibu mpaka jero ikalala juu ya kisu na kuteleza nje. Moja. Halafu ya pili. Nilipofika ya sita nilikuwa nimeshakuwa fundi. Nikanunua chipsi mayai, nikazila gizani mlango umefungwa, kana kwamba kuna mtu wa kunikamata. Asubuhi yake nikakibeba kibubu kwa seremala. Hakuuliza chochote, nadhani sikuwa mteja wa kwanza. Alikifungua upande mmoja, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakigongelea kwa ndani chini ya mwanya, na kuanzia hapo jero iliingia na haikutoka.

Oktoba ukaja uchaguzi, kisha rais mpya, na ghafla kila redio inasema kubana matumizi. Hata sherehe za Uhuru za Desemba 9 zilifutwa, watu wakaambiwa washike mifagio wafanye usafi. Mwenzangu wa chumba cha pili akanicheka: "Kumbe wewe ulianza kabla ya serikali."

Januari 2016, wiki ya kwanza, nikaazima nyundo. Nilikivunjia juu ya kanga ili zisitawanyike. Nikazipanga ishirini ishirini, kila fungu elfu kumi. Nilihitaji mafungu ishirini na manne. Nilipata ishirini na mawili na sarafu kumi na moja. Nikahesabu tena nikidhani nimekosea. Zilikuwa zilezile: 225,500. Zilizopungua, elfu kumi na nne na mia tano, nilizitoa kwenye mshahara bila kumpigia mtu simu.

Nikazifunga kwenye kanga ileile, nikazipeleka kwa Mangi dukani anibadilishie noti. Alizimwaga kwenye mzani wa sukari kwanza, kwa utundu tu: kilo nne na robo. Kisha akanyamaza, akanitazama. "Dada, miezi yote hii nalia sina chenji. Nawagombeza wateja. Kumbe jero za mtaa mzima unazo wewe?"

Mama mwenye nyumba alihesabu noti akilamba kidole, akaandika kwenye daftari lake. "Umelipa mapema safari hii," akasema. Kisha, bila kuinua macho: "Ila mwanangu, kuanzia Julai chumba kitakuwa elfu hamsini. Vitu vimepanda."

Kesho yake nilikwenda kwa Mangi kununua sabuni ya mche, nikampa noti. Alinirudishia mia tano yangu kwa sarafu za mia, tano, akizipanga moja moja juu ya kaunta bila kunitazama.