Vile nlivyochagua projekti yangu ya kemia ogania

Mwaka wa tatu tuliambiwa kila mtu achague kitu atakachokiunda mwenyewe maabara, na sio aspirini manake hio kila mtu keshaifanya. Wengi darasani walichagua kwa sifa ya jina, dawa ya malaria, rangi fulani, alafu wanakwama. Mimi nlianza na swali moja, nikimaliza ntathibitisha vipi kwamba hiki ndicho chenyewe?

Maabara yetu hapa Malindi ina kifaa cha kupima kiwango cha kuyeyuka, bamba za TLC (za kutenganisha vitu vilivyochanganyika), na mashine ya infraredi, ya kuonyesha vikundi vya atomi vilivyomo, ya kushika foleni. NMR, mashine ya kuonyesha muundo wa molekuli, hakuna. Kwa hivo esta (asidi iliyoungana na alkoholi au fenoli) za kunukia kama ile ya ndizi nikaziacha, ni majimaji, na majimaji bila vifaa vyengine utabishana nayo sana. Nlitaka kitu kigumu, fuwele zinazoyeyuka kwenye nyuzi zinazojulikana, na malighafi isiwe ya kuagizwa mbali.

Malighafi nikaipata sokoni, karafuu. Mafuta ya karafuu mengi yake ni yujenoli, na yujenoli ni fenoli (pete ya kaboni yenye kundi la OH) yenye mkia mfupi wa kaboni uitwao alili, yaani una pahali pawili pa kuishika. Nikamwendea mama mmoja muuza viungo, nikamwamkia shikamoo mama, nataka karafuu nyingi. Akaniuliza, "Marahaba mwanangu, kwani kuna arusi?" Nlipomweleza akanionyesha kuminya kwa ukucha, ikitoa mafuta ni nzuri, kavu iliyopoteza kichwa usichukue. Huo ni ujuzi kamili wa kuchagua malighafi na sijauona kwenye manyuali yoyote.

Sasa uigeuze yujenoli iwe nini? Roho yangu ilitaka vanilini, na kweli zamani viwandani vanilini ilitengenezwa kutokana na yujenoli, lakini njia yake inataka potasiamu haidroksaidi kali kwenye joto kubwa, na oksidishaji wa kikale ulitumia nitrobenzini ambayo ni sumu, kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza mimi naona sio sawa. Asetati ya yujenoli, esta yake na asidi ya siki, ni rahisi sana ila inayeyuka karibu nyuzi 30, na msimu wa kaskazi hapa itakaa maji mezani, utapima nini? Benzoati yake, esta na asidi ya benzoiki, ndio ikanivutia, inayeyuka karibu nyuzi 70. Hapo nikaamua.

Mafuta tuliyatoa kwa kukeneka na mvuke. Yujenoli peke yake huchemka nyuzi 254 lakini ikiwa pamoja na maji inapanda chini kidogo ya 100, ndo maana haiungui. Shida ilikua kondensa, bomba la kupoza mvuke uwe maji, maji ya bomba huku ni vuguvugu na presha haieleweki, so tekinishiani wetu akaniambia nichukue barafu kule wanakonunua watu wa samaki, ndoo ya barafu na pampu ndogo ya kuzungusha maji, ikatulia kabisa. Yule mzee namheshimu sana, kama unachagua projekti ongea na tekinishiani kabla hujaandika propozo.

Baadae ni sodiamu haidroksaidi, yujenoli inaingia kwenye maji kwa sababu ni fenoli na uchafu mwengine unabaki, alafu benzoili kloraidi unaidondosha polepole huku unatikisa. Hio kitu inachoma macho vibaya, fanya ndani ya kabati la kuvuta hewa na glavu, usiifungue mezani hata kidogo. Ikiganda unaisafisha kwa ethanoli ya moto na kuiacha ipoe taratibu hadi fuwele nyeupe zitoke.

Ushahidi nao ukaja kutoka pande kadhaa. Fuwele ziliyeyuka nyuzi 68 hadi 69, feriki kloraidi, ambayo hubadili rangi ikikutana na fenoli, ikabadili rangi kwa yujenoli lakini kwa fuwele haikubadili kitu, na kwenye infraredi ule mlima mpana wa haidroksili (lile kundi la OH) ukapotea, pakachomoza wa esta karibu na 1735 kwenye kipimo cha mashine. Mwalimu aliuliza maswali na kila jibu nlikua nalo mkononi.

Mdogo wangu anaingia mwaka wa tatu sasa, anataka mdalasini. Nimemwambia poa, sinamaldehaidi, ile inayoupa mdalasini harufu, ni majimaji lakini semikabazoni yake, yaani ikiunganishwa na semikabazidi, ni fuwele na inayeyuka karibu nyuzi 215, aangalie kwanza kama kile kifaa chetu kinafika huko.