Mpiga dramu wa roki anaporudi Pwani: cha kubeba na cha kuacha

Wenzangu mliopiga roki Ulaya na Marekani miaka kumi, kumi na tano, na sasa mnafunga mizigo kurudi Tanga, Mombasa au Unguja, kila mara mnauliza: seti nzima ibebwe? Sasa nimerudi, na jibu langu ni hapana. Bebeni matoazi, snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini), pedali na kiti. Mizinga mikubwa, yaani ngoma kubwa zenyewe, na stendi uzeni hukohuko.

Hesabu yenyewe ni hii. Mashirika mengi ya ndege hupokea begi la kilo 23, na urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Ngoma ya besi ya inchi 22 kwa 18, bila ringi (duara linalobana ngozi) wala kasha, imeshafika hizo 158. Stendi tano za chuma hupita kilo 20, na Dar au Nairobi stendi hazikosekani, kwa kuwa makanisa mengi yana bendi. Matoazi ni habari nyingine. Hai-hati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) za inchi 14, kreshi mbili za kupigia mkazo na raidi, toazi kubwa la kushika mwendo, ya inchi 20, havifiki kilo 9, na hicho ndicho kitu kigumu kukipata huku kikiwa kizuri. Toazi zuri ni mchanganyiko wa shaba sehemu 80 na bati sehemu 20, limefuliwa kwa nyundo. Yale yanayokuja na seti za bei nafuu hukatwa kwenye sahani bapa za shaba ya njano, na mlio wake hufa papo hapo. Raidi ya inchi 20 ni sentimita 51, haiingii kwenye begi la mkononi. Ilaze katikati ya nguo ndani ya sanduku kubwa.

Mwenye dramu za umeme atazame adapta kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa 100–240V, haina shida. Ikiandikwa 120V tu, ni ya Marekani, na umeme wetu wa volti 230 hadi 240 utaiunguza mara moja.

Adui wa huku ni chumvi. Upepo wa bahari unaanza kula chuma pale usipopaona: chini ya washa za skrubu za kukazia ngozi, na kwenye chemchemi ya pedali. Kila mwezi toa skrubu moja moja, ifute, ipake tone moja la mafuta ya cherehani, irudishe. Ukiziacha mwaka mzima, siku ya kubadilisha ngozi skrubu inakatikia ndani ya sikio lake, kile chuma cha ubavuni kinachoishika, na hapo unahitaji fundi wa kutoboa. Matoazi yafute kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha ukaushe kabisa, kwa sababu jasho la vidole huacha alama za kijani. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda ukumbi wa wazi, usifungue kasha papo hapo. Subiri nusu saa. Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto kinatoka jasho, na maji hayo huingia mpaka kwenye nyaya za snea.

Ngozi za plastiki, zilizoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, hazilegei kwa unyevu kama ngozi ya mnyama, ndiyo maana hatuzipashi moto kama wenzetu wa ngoma ya msondo. Lakini mti wa mzinga unavimba kidogo, hivyo usiuache mtupu: mzinga usio na ngozi unaweza kupinda ukaacha kuwa duara. Ufunge, kwa mkazo mwepesi.

Kuhusu kuwamba: mwamba ngoma huvutia kwake, na kwenye snea hilo ndilo kosa lenyewe. Kaza skrubu zote kumi kwa vidole mpaka zigome. Kisha nusu mzunguko kwa ufunguo, na kila ukikaza moja, inayofuata iwe ile inayoikabili ng'ambo ya pili. Bonyeza katikati kwa kiganja, halafu gonga kwa kijiti sentimita tatu kutoka kila skrubu, usikilize. Palipo chini, ongeza robo. Ukizunguka kwa mfululizo kama anayekaza kofia ya chupa, ringi inakaa upande na snea inalia kama debe.

Kiti mkiweke juu, nyonga zipite magoti, mgongo usiumie. Ginger Baker, mpiga dramu Mwingereza, baada ya bendi yake ya Cream kuvunjika mwaka 1968, alivuka Sahara kwa gari mwaka 1971 hadi Lagos, akafungua studio, akapiga na Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria. Alirudi Uingereza uzeeni mgongo ukimtesa kwa ugonjwa wa viungo, akafariki Canterbury tarehe 6 Oktoba 2019. Namheshimu sana: alikwenda kwa wapigaji wa Afrika kujifunza, naye alikuwa tayari ana jina. Sisi tunaorudi tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Masikio nayo msiyasahau. Kipimo cha usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwa desibeli 100 una dakika 15 tu. Nunua vizibo vya wanamuziki kabla ya kuondoka.

Halafu mkono. Roki huweka snea kwenye pigo la 2 na la 4, kwa nguvu. Kwenye chakacha, ngoma yetu ya Pwani, ukiipiga hivyo unamfukuza mwimbaji, maana pigo lake linakwenda kwa sita, na uzito umeshabebwa na ngoma nyingine. Weka vijiti vinene vya 5B chini, shika vyembamba vya 7A, funga hai-hati, kaa karibu na mpiga tumba, na wiki za kwanza usijaze nafasi yoyote ambayo yeye ameiacha wazi.