Rangi Iliyokuwa Haishiki Kwenye Vijisanamu vya Plastiki

Hapa Unguja, hewa ya masika hujaa unyevu, na rangi ya msingi ya kupuliza hutua juu ya vijisanamu vya mchezo wa ubao ikiwa na chenga kama mchanga, ikaziba macho na mikunjo ya nguo. Juu ya hayo, mafuta ya kalibu ya kiwandani (yanayopakwa ili kijisanamu kitoke kwenye kalibu kwa urahisi) hubaki kwenye plastiki na kuizuia rangi isishike. Niliviosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu (ya moto sana hupinda mikuki), nikavisugua kwa mswaki laini, hasa chini ya majoho, nikaviacha vikauke usiku kucha. Kopo la kupuliza linasubiri kipupwe. Sasa napaka rangi ya msingi kwa brashi, matabaka mawili membamba, nayo imeshika hata kwenye ncha za mikuki, ilikokuwa ikibanduka kwanza.