Sasa anajua kabla

Mwanangu ameanza kujificha. Akishikwa na haja kubwa huacha michezo, hunyamaza, kisha huyo nyuma ya pazia la sebuleni, kashikilia kitambaa kwa mikono miwili na uso ameukunja. Akitoka huko anaivuta nepi: "Mama, pupu."

Ana miaka miwili na ushei, na nimefurahi mno. Zamani alikuwa anasema mambo yakishaisha, au hasemi kabisa. Sasa mwili unampa taarifa mapema naye anaisikia. Dalili nyingine zilishaanza kuonekana: nepi inakaa kavu hata saa mbili, anaamka mkavu usingizi wa mchana, bukta anaishusha mwenyewe, ukimwambia kalete kandambili analeta. Lakini hii ya kujua kabla ndiyo niliyokuwa naingojea.

Mama mkwe, Mdigo wa Tanga, ananishangaa. "Mwanangu, huyo mwenzio aliacha kukojoa kitandani hata kutambaa hajajua." Namwamini. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya: mama huanza kumzoesha mtoto kujisaidia akiwa na wiki chache tu, humkalisha miguuni pake, humtolea sauti ya "shuu", na kwenye miezi mitano au sita mtoto anakuwa mkavu kwa kiasi kikubwa, mchana na usiku. Ila mtoto yule hushinda mwilini mwa mama au mlezi, kila anavyojinyonganyonga mtu anaelewa. Mimi alfajiri niko kituoni nasubiri daladala. Kwa hiyo ilibidi ningoje mtoto ajisome mwenyewe.

Jirani ananihimiza nimkalishe kwenye poti hata kwa kumshika, maana chekechea hawapokei wenye nepi. Hapo sikubali. Mtoto akilazimishwa hujizuia, choo kinakauka, kikitoka kinamuumiza, na akishaumia ndiyo kabisa haitaki poti. Chekechea itasubiri. Kuwa mkavu usiku nako sina haraka nako, huko hukawia, wengine hata miaka, na si kosa la mtoto.

Poti nimenunua, ya bluu. Kwa sasa anaikalia na nguo zake, anamlisha mwanasesere. Nimemwomba mama mkwe aje akae nasi likizo hii, na hiyo "shuu" yake aje nayo.