Hatimaye nimeshika sare ya ngome kwa ngome

Jana usiku nimeokoa gemu ya chess ambayo mwezi uliopita ningeipoteza tu. Mwenzangu ana ngome na askari mmoja, mimi mweusi nina ngome tupu, saa yangu imebaki dakika 2 na ile nyongeza ya sekunde 10 kwa kila mwendo, nikashika mpaka mkao ukajirudia mara 3. Mikono ilikuwa inatetemeka aisee.

Hii imetokana na zile gemu zangu 40 za dakika 15 nilizokuwa nazipitia, ubao wa mezani na daftari, enjini (programu inayochambua gemu) nimezima kwanza. Nilidhani ntakuta naachia vipande bure, kumbe wapi, gemu 11 zilifika ngome kwa ngome na 7 nimepoteza.

Sasa kuna moja imenikosesha usingizi wiki nzima. Mweupe mfalme d5 (herufi ni safu, namba ni mstari), askari e5, ngome a2. Mimi mfalme e8, ngome b6. Yaani Philidor kabisa, mkao wa kushika sare wa yule Mfaransa wa karne ya 18 (alikuwa pia mtunzi wa muziki, napenda sana hilo), ngome inakaa mstari wa sita na mfalme wa mpinzani hapandi. Naujua! Lakini nikachoka kusubiri, nikashuka na ngome b1. Naye akaenda na ngome a7. Nikaenda e1. Akapanda mfalme e6, anatishia chekimeti a8, mimi nikakimbilia d8 na hapo nikafa.

Nikawasha enjini yangu, Stockfish, ikanionyesha kosa moja tu, d8, nilitakiwa niende f8, upande mfupi (wenye safu chache kutoka kwa askari), ili ngome ibaki na nafasi ya kupiga cheki kutoka upande mrefu. Ni kweli. Ila b1 na e1 zote imeandika 0.0, eti sare, na hapo ndo napogombana na enjini, kwa sababu kosa langu lilianzia b1. Nilitoka mstari wa sita askari akiwa bado e5, kwahiyo mfalme wake ana pa kujificha, pale e6 mbele ya askari. Unasubiri mpaka ASKARI ndo akanyage e6, halafu unashuka b1 unampiga cheki za nyuma, hana kichaka tena. Namba haiwezi kukwambia hivyo. Tablebesi ya Lichess, yaani hazina ya mikao iliyokwisha kutatuliwa kwenye ile tovuti ya chess, ndo kabisa, vipande 7 kushuka chini inajua kila kitu na haielezi chochote, japo naipenda, ni ya bure na haina matangazo.

Jana alivyosukuma e6 tu nikashuka b1, cheki, cheki, cheki. Raha niliyoipata siwezi kuielezea.

Wiki hii nilipanga kupitia Caro-Kann, ufunguzi wangu wa mweusi, ila nimeiacha, maana nimepata wazo: ile mikao 7 niliyopoteza nimeiingiza kwenye ukurasa mmoja, kila jioni naicheza dhidi ya enjini, kwanza upande wangu halafu nageuza ubao nacheza upande wa mshindi. Huo wa pili unafundisha kuliko nilivyotegemea, unaona kabisa ni mwendo upi wa mpinzani unaokukera. Mpaka sasa nimeshika mikao 3. Wa nne askari yuko safu ya b, na bado unanishinda.