"Sista, nikikonda watasema nini?"

Mama huyu anauza mitumba hapa Busia, karibu na mpaka. Alikuja kituo chetu cha afya akilalamikia magoti. Mizani ikasoma kilo 98, urefu mita 1.60. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango, nikamwambia tu, "Mama, punguza uzito." Akaitikia, akachukua dawa za maumivu, akapotea miezi minne.

Aliporudi nilimvutia kiti, nikamuuliza kama yuko radhi tuzungumzie uzito wake. Akanyamaza kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sista, nikikonda watasema nimeukwaa."

Dada zake wawili walizikwa miaka ya tisini. Ukimwi hapa Uganda tuliuita slim, na watu wa rika lake waliona ndugu zao wakipukutika hadi wakabaki mifupa. Kwake, mwili mnene unatangaza sokoni kwamba yeye ni mzima na biashara inaenda. Mimi nilitaka auvue kwa sentensi moja. Nilimkosea.

Tukapima presha: 162 kwa 98. Nilishtuka, halafu nikautazama mkono wake. Nikachukua futi ya fundi, nikazungusha juu ya kiwiko: sentimita 37. Mkanda wetu wa kawaida wa kupimia presha unafaa mkono usiozidi 32. Ukiufunga kwenye mkono mnene unakupa namba kubwa kuliko ukweli. Nikakimbia kuazima mkanda mpana wodi ya wazazi. 146 kwa 92. Bado iko juu, ndiyo, lakini hiyo ni presha nyingine kabisa. Inaniuma kufikiria ni wangapi tumewaandikia dawa kwa mkanda mdogo. Wenzangu, tafadhali, pimeni mkono kwanza.

Kupunguza kilo thelathini hatukukutaja. Tulipanga kilo tano, karibu asilimia 5 ya uzito wake, kwa kuwa hata hizo hushusha presha na kuyapunguzia magoti mzigo. Matoke na posho, yaani ugali, anaendelea kula, ila sahani imepungua. Alichoacha ni soda mbili za kila siku pale kibandani; chupa ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane vya chai vya sukari. Rolex ya jioni, ile chapati ya kukunjia mayai, anagawana na binti yake. Na wakimuuliza, anajibu, "Natibiwa presha," ambayo ni kweli.

Juzi mizani ilisoma 95. Presha tuliipima kwa mkanda uleule wa kuazima, maana wa kwetu tuliouagiza haujafika.