Futi Tano na Inchi Nane

Kwenye mwimo wa mlango wangu wa uani, hapa Tabata, kuna mistari ya penseli ambayo sikuichora mimi. Kila Jeshi la Polisi linapotangaza nafasi za ajira, vijana wa mtaani huja kunisalimu kwa adabu isiyo ya kawaida, huzungukazunguka kwa habari za afya na familia, kisha mmoja wao hutoa mfukoni tepu aliyoiazima kwa fundi cherehani na kuomba apimwe. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka mwanamume asipungue futi 5 na inchi 8, na mwanamke asipungue futi 5 na inchi 4. Kwa hiyo mwimo wangu una mistari miwili minene, wa juu na wa chini, na katikati yake vijistari vingi vya watu waliopungukiwa inchi moja au nusu. Nimewahi kumwona kijana akinyoosha shingo hadi mishipa ikamsimama, naye dada yake akamwambia ashushe visigino.

Niliingia jeshini mwaka 1984 nikiwa konstebo, na namba yangu ilianza na herufi WP ambazo hutangulia namba za askari wa kike. Nilistaafu nikiwa Mkaguzi Msaidizi wa Polisi, na karibu utumishi wangu wote niliufanya katika vituo vya Dar es Salaam. Vijana wanaokuja kupimwa hudhani kwamba ninajua siri ya kufaulu usaili. Ninachokijua ni kitu kingine, nacho hawaniulizi: kwamba askari wa mjini hujengwa au huharibika kwa namna anavyosikiliza na anavyoandika, na kwamba hakuna tepu ya kupimia jambo hilo. Nimeamua kuliandika hapa kwa sababu nikilisema barazani wao husikia habari ya urefu na mbio peke yake.

Mambo ya maombi nitayapita haraka, kwa kuwa tangazo lenyewe huyaeleza vizuri kwa anayelisoma hadi mwisho. Mwombaji awe Mtanzania wa kuzaliwa, asiwe na rekodi ya uhalifu, asiwe ameoa au kuolewa wala kuwa na mtoto, na mwili wake usiwe na michoro. Kwa wa kidato cha nne na cha sita umri umekuwa ukiishia miaka 25, na kwa wenye shahada miaka 30. Maombi hutumwa kwa mfumo wa ajira wa Jeshi kwenye intaneti, pamoja na vyeti na namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, na gharama za nauli na malazi wakati wa usaili ni za mwombaji mwenyewe. Hakikisha jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa ndilo lililo kwenye cheti cha shule na kwenye NIDA, herufi kwa herufi, maana nimewaona vijana wakihangaikia viapo vya majina siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Mtu akikupigia simu kwamba ana nafasi ya kukuuzia, huyo ni tapeli, na ukimlipa utakuwa umeanza safari ya upolisi kwa kutoa rushwa.

Liko sharti moja ambalo vijana huliona la kizamani, nalo ni kwamba barua ya maombi iandikwe kwa mkono. Wanaandika usiku wa mwisho, kwa kalamu inayokatakata, kisha wanaipiga picha. Mimi ningeianza barua hiyo mapema kuliko mazoezi ya mbio, kwa sababu mwandiko huo ndio utakaokulisha.

Wanaochaguliwa hupelekwa Shule ya Polisi Moshi. Huko utaitwa kuruta, utaamka gizani, utacheza kwata hadi uote kwata, utafundishwa silaha na sheria, na utajua ubaridi wa Kilimanjaro. Watu wengi wameeleza shida za depo kwa mbwembwe na sina la kuwaongezea, isipokuwa hili: masomo ya darasani, yaani sheria ya makosa ya jinai, mwenendo wa kesi, ushahidi na ile mijadala mirefu ya kanuni za kudumu za Jeshi tunazoziita PGO, ndiyo yaliyowashinda wenzangu baadaye, wala si kuruka viunzi. Tulisinzia darasani kwa sababu tulichoka paredi, na deni la usingizi ule tulikuja kulilipa mahakamani.

Ukirudi mjini, kazi ya kwanza haitakuwa upelelezi. Itakuwa lindo, doria na zamu ya kaunta. Lindo vijana hulidharau, wakiona ni kusimama tu mbele ya benki na bunduki begani, lakini Agosti 2016 askari wanne waliuawa kwa risasi pale Mbande, Mbagala, walipokuwa wakibadilishana lindo la benki, na mwaka mmoja kabla yake, Julai 2015, kituo cha Stakishari kilivamiwa usiku, askari na raia wakauawa na silaha zikaporwa. Siandiki haya kumtisha mtu. Ninayaandika kwa kuwa mama mmoja jirani aliniambia kwamba mwanawe anakwenda polisi kutafuta kazi ya kukaa.

Sasa nije kaunta, ambako ndiko hasa ninakotaka kukaa. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na ukiwa zamu ya usiku katika kituo cha Buguruni au Magomeni unaweza kudhani wote wamekubaliana kuja kwako. Anakuja aliyeporwa simu kwenye daladala. Anakuja mwenye nyumba aliyemfungia mpangaji nje, na mpangaji mwenyewe yuko nyuma yake na godoro kichwani. Anakuja baba aliyepotelewa na mtoto, na mtu aliyelewa anayetaka kumfungulia kesi mwenye baa. Kila mmoja anaamini shauri lake ndilo la kwanza, na kila mmoja anaanza kusimulia katikati.

Jambo la kwanza ambalo konstebo lazima alijue hapo ni kutenganisha jinai na madai. Mtu aliyekopa laki tatu na kushindwa kulipa hajatenda jinai kwa kushindwa huko, na askari anayemkamata ili amlipe mdai amegeuka dalali wa madeni aliyevaa sare. Nimeona askari wazuri wakipotelea hapo, kwa sababu mdai hufika na maneno matamu na soda, na baada ya soda hufika bahasha. Watu huizungumza zaidi rushwa ya barabarani, kwa sababu wanaiona kila siku, lakini mimi naiogopa zaidi ile ya kaunta, inayoanza kwa kumsaidia mtu jambo ambalo si kazi yako.

Jambo la pili ni kuandika alichosema mtu, kwa jinsi alivyokisema, na kumuuliza alichoacha. Mlalamikaji husema, "Nilimwona, ni yeye." Askari mvivu huandika hivyohivyo na kumpa namba ya RB, yaani ya taarifa yake katika kitabu cha kituo. Lakini Mahakama ya Rufani, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilikwishaeleza mambo ambayo ni lazima yajulikane kabla ya kuuamini utambuzi wa macho, hasa wa usiku: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla ya hapo. Kwa hiyo mama aliyevunjiwa nyumba Mbagala saa nane za usiku lazima aulizwe kama taa ilikuwa inawaka, ilikuwa ya umeme au ya simu, ilikuwa upande gani, na alijuaje kwamba aliyeingia ni kijana wa dukani. Usipomuuliza usiku ule, wakili atamuuliza baada ya miezi minane, naye atakuwa amesahau au, vibaya zaidi, atakuwa amekwisha kujitungia. Hali ni hiyohiyo kwa PF3, fomu ya polisi anayokwenda nayo hospitali mtu aliyejeruhiwa. Fomu hiyo askari wengi huijaza kama risiti ya dukani, ilhali ndiyo itakayokuwa mkononi mwa daktari na baadaye mbele ya hakimu.

Haya sikuzaliwa nayo. Mwaka 1987, katika kituo ambacho sitakitaja, aliletwa kijana aliyetuhumiwa kuiba cherehani ya mama mmoja mjane. Aliletwa saa mbili asubuhi. Nilimpa maji, nikamsikiliza kwa upole, naye akanieleza kila kitu, hata mahali alipoiuza na bei aliyopewa. Niliandika kurasa tatu kwa mwandiko mzuri, akatia dole gumba, nami nikajiona mpelelezi. Mchana mkuu wa upelelezi alizisoma kurasa zile, akaniangalia begani, akaniuliza, "Binti, una cheo gani?" Sheria ya Ushahidi, inapozungumzia ofisa wa polisi ambaye mtuhumiwa anaweza kukiri kosa mbele yake, humaanisha mwenye cheo cha koplo au zaidi, na mimi sikuwa na V, alama ya cheo, hata moja. Ikabidi koplo aandike upya maelezo ya onyo, yaani yale ya mtuhumiwa aliyekwisha kuonywa kuhusu haki zake. Lakini ilikuwa saa tisa alasiri, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, ambayo wengi wetu tulikuwa bado hatujaizoea, ilitaka mahojiano yafanyike ndani ya saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, au muda uongezwe kwa utaratibu wake. Hakuna aliyeuongeza. Maelezo yalikataliwa mahakamani, cherehani haikupatikana kwa aliyetajwa, na kijana akaachiwa.

Yule mama alikuja kaunta wiki iliyofuata. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, si alisema mwenyewe mbele yako?" Nilimjibu kwa maneno ya sheria ambayo hata mimi nilikuwa nimeyafahamu siku saba tu, na nilipomaliza akaniaga kwa heshima, jambo lililonichoma kuliko tusi. Tangu siku ile sijaandika ukurasa wowote wa kazi bila kuanza na tarehe na saa.

Kuhusu kupanda cheo, vijana wenye shahada huniuliza watakaa ukonstebo muda gani. Wasomi niliofanya nao kazi walianza chini kama mimi. Kutoka konstebo mtu huenda koplo mwenye V mbili, kisha sajenti mwenye tatu, kisha sajini taji na sajini meja, na baada ya hapo huanza safu ya wakaguzi, halafu warakibu, halafu makamishna hadi Inspekta Jenerali. Hatua muhimu hupitia kozi, Moshi kwa vyeo vya chini, na Chuo cha Polisi Dar es Salaam, kule Kurasini, kwa maofisa. Wapo waliopanda upesi kuliko walivyostahili, na wapo waliosahaulika miaka kumi na kitu katika cheo kimoja. Mimi nilikuwa katika kundi hilo la pili kwa muda mrefu, na sitasema haikuniuma. Kilichonitoa ni dawati la jinsia na watoto, kwa sababu kule majalada yasiyoandikwa vizuri huumiza watoto waziwazi, na wakubwa wakaanza kuuliza ni nani anayeyaandika yale yasiyorudishwa na waendesha mashtaka.

Jiji lina matawi mengi ya kufanyia kazi hii. Tangu mwaka 2006 Dar es Salaam ni Kanda Maalum yenye kamanda wake, na chini yake iko mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke, kila mmoja na kamanda wake (RPC), kisha wilaya za kipolisi na wakuu wao (ma-OCD). Ndani ya mpangilio huo kuna upelelezi, usalama barabarani, kutuliza ghasia (FFU), mbwa na farasi, wanamaji, polisi jamii, na siku hizi wakaguzi wa kata wanaotakiwa kuujua mtaa kama mjumbe anavyoujua. Hii ya mwisho ningeiomba kama ningekuwa kijana. Siku ya mechi ya Simba na Yanga ni ya FFU, lakini siku nyingine zote za mwaka ni za anayejua nyumba gani ina ugomvi.

Kuna pia vitu utakavyoviacha, na ni vizuri ukavijua kabla ya kutuma barua. Katiba, katika ibara ya 147, inamzuia askari kujiunga na chama cha siasa, ingawa kura yake anapiga. Sikukuu nyingi utazisherehekea barabarani. Ndugu watakupigia simu usiku kuomba umtoe mtu mahabusu, na wakikasirika watasema cheo kimekupanda kichwani, hata kama huna cheo. Ukipanda daladala ukiwa na sare, mazungumzo yatakatika ghafla. Kimya kile nilikizoea, lakini sikuwahi kukipenda, na nadhani askari anayekipenda amekwisha haribika.

Jumamosi iliyopita alikuja kijana wa nyumba ya tatu, mrefu, akauvuka mstari wa juu bila kunyoosha shingo. Wenzake wakampigia makofi. Asubuhi ya siku hiyo bodaboda ilikuwa imegongana na bajaji pale njia panda, naye alikuwapo, kwa hiyo nikampa karatasi na kalamu, nikamwomba akae barazani aniandikie alichokiona. Baada ya dakika kumi alirudi akiwa na nusu ukurasa: bodaboda ilikuja kasi sana, mwenye bajaji hakuwa na kosa, watu walijaa. Nilimuuliza kasi aliijuaje, akanyamaza. Nilimuuliza yeye alikuwa amesimama upande gani wa barabara, akaanza kunionyesha kwa mkono. Nikageuza karatasi upande wa pili, nikamrudishia, nikamwambia aanze na saa.